Nani Hufundishwa Kushika Mwiko? Historia ya Mafunzo ya Vitendo ya Uhifadhi wa Magofu ya Mawe, kutoka Kilwa hadi Miteremko ya Uru

Uru iko upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, kati ya Kibosho na Moshi ya Kale. Huku hakuna msikiti wa matumbawe wala kasri la sultani, na msomaji wa historia ya magofu ya Tanzania ana haki ya kuuliza kwa nini insha hii inaanzia mlimani badala ya pwani. Sababu ni moja na ni mahususi. Jirani na Uru, katika eneo la Mweka, kiko Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambako wamefundishwa maofisa wa hifadhi wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi za Afrika. Katika miaka ya karibuni magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamewekwa chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kwa hiyo ofisa aliyejifunza kusoma nyayo, kuhesabu wanyama na kuzima moto wa nyika anaweza kujikuta ana dhamana ya ukuta wa chokaa wenye umri wa miaka mia saba. Jambo hili si la kubezwa wala la kuchekwa. Linarudisha mezani swali ambalo historia ya uhifadhi nchini haijalishughulikia ipasavyo: katika kazi ya kutunza magofu, nani amefundishwa nini, wapi, na kwa lugha gani?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tangu wakati wa ukoloni mafunzo ya uhifadhi yamemlenga zaidi msimamizi wa gofu kuliko fundi wake. Na pale fundi alipofikiwa, mafunzo yake yalikwenda na umri wa mradi, si na umri wa ukuta. Ukuta wa chokaa hauhifadhiwi mara moja ukaisha. Hutunzwa kila baada ya masika, miaka nenda miaka rudi, na mafunzo yasiyokwenda kwa mwendo huo huwa na matunda ya muda mfupi.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kuueleza ujuzi wenyewe. Majengo ya kale ya pwani yalijengwa kwa aina mbili za mawe yenye asili ya matumbawe. Ya kwanza ni mawe magumu ya nchi kavu, yaliyochimbwa kutoka kwenye miamba ya zamani ya pwani na kutumika kuinua kuta. Ya pili ni matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi. Yakiwa na maji huchongeka kwa urahisi. Yakikauka huwa magumu, na ndiyo maana mafundi waliyatumia kwa miimo ya milango, matao na mihirabu. Kinachoyaunganisha yote ni chokaa, nayo pia ni tumbawe lililopita motoni. Magogo hupangwa kwa duara, vipande vya matumbawe hurundikwa juu yake, na tanuu huwashwa. Joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi huondoa hewa ya ukaa ndani ya jiwe. Kinachobaki humwagiwa maji, huchemka, huvunjika na kuwa unga au uji mweupe ambao huachwa ukae kabla ya kuchanganywa na mchanga. Chokaa ikishawekwa ukutani huanza kuirudisha hewa ile ile ya ukaa kutoka angani, polepole, hadi ikawa jiwe tena.

Polepole hiyo ndiyo elimu yenyewe. Fundi lazima ajue ni lini jiwe linyweshwe maji kabla ya kupokea chokaa, kwani jiwe kavu huinyonya chokaa maji yake na kuiacha unga. Ajue kufunika kazi isipigwe na jua. Ajue kutomea, yaani kujaza nyufa na mianya ya ukuta kwa vijiwe vilivyochaguliwa kwa umbo na kushikizwa kwa chokaa, badala ya kujaza chokaa tupu ambayo itasinyaa na kupasuka. Ajue kuitazama timazi na kutambua kama ukuta umeinama tangu ulipojengwa au umeanza kuinama jana. Ujuzi wa namna hii huelezwa kwa maneno machache sana na huoneshwa kwa mkono mara nyingi sana. Mwanagenzi alibeba mawe, akakoroga chokaa, akatomea sehemu isiyoonekana, na hatimaye akaachiwa uso wa ukuta. Hakukuwa na cheti; kulikuwa na ukuta uliosimama.

Mnyororo huo ulilegea polepole, na simenti ilikuwa na sehemu yake katika kulegea huko. Kiwanda cha kwanza cha saruji cha Tanzania Bara, cha Wazo Hill nje ya Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Saruji hukauka upesi, haihitaji tanuu wala kusubiri, na katika macho ya watu wengi ilikuwa alama ya nyumba bora. Kwa nyumba mpya hilo halikuwa na tatizo kubwa. Kwa magofu lilikuwa sumu. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu kama chokaa ipitishavyo. Maji ya mvua yakiingia ukutani hukosa njia ya kutokea kwenye maungio, hivyo hutokea kupitia jiwe lenyewe, yakibeba chumvi. Chumvi ikifika karibu na uso wa jiwe huganda, hutanuka, na jiwe huanza kumomonyoka. Baada ya miaka mtu huona kiraka cha saruji kikiwa kizima, kimejitokeza kama mbavu, na mawe yaliyokizunguka yameliwa. Mkarabati alidhani anaimarisha.

Upande wa sheria na taasisi ulikuwa na mwendo wake. Tanganyika ilipata sheria ya kulinda mambo ya kale mwaka 1937, lakini ilichukua miaka 20 kabla ya kuwa na mhifadhi wake wa kwanza wa mambo ya kale, Neville Chittick, aliyeanza kazi mwaka 1957. Uchimbaji aliouongoza Kilwa, kwanza akiwa serikalini na baadaye akiwa mkurugenzi wa Taasisi ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, uliendelea hadi katikati ya miaka ya 1960 na kuzaa juzuu mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 1974. Wakati huo huo Peter Garlake alipima na kuchora majengo ya pwani, na kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya usanifu wa mapema wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki bado hakikwepeki kwa mtu anayetaka kujua dari la kuba lilifungwaje.

Kazi hizo ni nguzo, na insha hii inazitegemea. Lakini zikisomwa kwa jicho la mafunzo, zinaonesha mgawanyo wa kazi ambao umetuachia urithi mzito. Mtaalamu aliandika, kibarua alichimba, alifyeka, alibeba na kujenga upya pale alipoelekezwa. Kibarua huyo alijua mambo ambayo mtaalamu alilazimika kuyagundua, kwa mfano mahali panapotoa mchanga usio na chumvi, au mti gani ukikatwa huchipua tena kwa nguvu zaidi. Maarifa hayo yaliingia katika kazi bila kuingia katika kumbukumbu. Tena, uchimbaji wenyewe huleta deni la matunzo. Ukuta uliokuwa umefukiwa kwa karne kadhaa ulikuwa na kifusi kama blanketi. Ukishafukuliwa hukabidhiwa kwa mvua, jua na mizizi ya mitini. Anayefukua anapaswa kujua nani atautunza ukuta huo mwaka wa kumi baadaye. Swali hilo halikuwa na jibu la kitaasisi.

Mwaka 1964 ulileta mambo mawili bila uhusiano wa moja kwa moja: Tanzania ilitunga Sheria ya Mambo ya Kale, na wataalamu waliokutana Venice walikubaliana juu ya mkataba uliokuja kuongoza uhifadhi wa majengo duniani. Mkataba huo ulisisitiza kuandika kila hatua ya ukarabati, na kutochanganya kazi mpya na ya kale kiasi cha kumdanganya mtazamaji. Ni kanuni njema. Hata hivyo kuzisoma kanuni hizo kulihitaji lugha za Ulaya, na kuzitekeleza kulihitaji mikono ambayo haikuwa na lugha hizo. Pengo hilo ndilo lililokuwa likijirudia katika kila awamu iliyofuata.

Awamu iliyo muhimu zaidi barani ni programu ya Africa 2009, iliyozinduliwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa kituo cha ICCROM cha Roma, Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO, CRATerre ya Grenoble na taasisi za urithi za nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Kozi zake za kikanda zilifanyika Porto-Novo kwa Kifaransa na Mombasa kwa Kiingereza, katika kituo ambacho baadaye kiliitwa CHDA. Wahitimu wake walirudi kuongoza idara, kuandika mipango ya usimamizi na kutetea bajeti. Programu hiyo ilikuwa na busara ya kutambua kwamba uhifadhi unaanza na jamii inayoishi na urithi, na ilijitenga na desturi ya kumtuma mtaalamu kutoka nje kuja kutoa dawa na kuondoka. Kasoro inayoonekana kwa mtu anayeandika kwa Kiswahili ni nyingine. Mombasa ni mji wa Waswahili. Mafundi wa Mji wa Kale wana maneno ya kazi yao, kutoka tanuu hadi sakafu, na hatua chache kutoka kwao darasa lilikuwa likifundishwa kwa Kiingereza, kwa sababu washiriki walitoka nchi nyingi na walikuwa maofisa. Sababu hiyo ni ya haki. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba istilahi zenye ujuzi ndani yake hazikupata nafasi ya kuwa lugha ya kufundishia. Neno "kutomea" halibebi tu tendo. Linabeba mpangilio wa tendo. Mtu aliyefundishwa "kujaza ufa" atajaza. Aliyefundishwa kutomea atatafuta kijiwe kwanza.

Zanzibar ilikuwa na mkondo wa peke yake. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na katika miaka ya 1990 Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ilipokarabati jengo la Zahanati ya Zamani pale ufukweni, kazi ilitumika pia kuwafunza mafundi. Mji Mkongwe una faida ambayo gofu halina: watu wanaishi ndani yake, na nyumba inayovuja humsukuma mwenyewe kumtafuta fundi. Hata huko hatari haijaisha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu walipoteza maisha. Tukio hilo linatosha kuondoa dhana kwamba mafunzo ya vitendo ni nyongeza ya kupamba ripoti. Mtu anayefanya kazi chini ya ukuta mkongwe anaweka maisha yake rehani kwa usomaji sahihi wa ukuta huo.

Turudi Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sababu zilionekana kwa macho: bahari ilikuwa ikila ukingo, kuta za Husuni Kubwa zilikuwa zikiporomokea chini, mvua na mizizi vilikuwa vikifungua maungio. Ndipo miradi ikafuatana. Serikali za nje, zikiwemo za Ufaransa na Norway, zilitoa fedha. Taasisi ya World Monuments Fund iliingiza Kilwa katika orodha yake ya tahadhari ya mwaka 2008, na kuanzia mwaka 2011 iliendesha kazi za uhifadhi kwa msaada wa mfuko wa mabalozi wa Marekani. Mikoko ilipandwa na kingo kuimarishwa, kuta zilitegemezwa na kutomewa kwa chokaa, na watu wa visiwani walifundishwa kazi hiyo kazini. Mwaka 2014, katika kikao kilichofanyika Doha, magofu yaliondolewa katika orodha ya hatari.

Katika historia yote inayojadiliwa hapa, hicho ndicho kipindi ambacho mafunzo yalikaribia zaidi umbo linalofaa. Mwanafunzi alikuwa mkazi. Darasa lilikuwa jukwaa lililofungwa kando ya ukuta halisi. Kosa lilionekana baada ya siku chache, chokaa ilipopasuka, na lilirekebishwa na aliyelifanya. Kuna jambo jingine lisilotajwa sana: kwa kijiji chenye wavuvi na wakulima, siku ya kazi kwenye gofu ni siku ya ujira. Gofu lililokuwa mali ya serikali na la kutazamwa na wageni likawa, kwa kipindi fulani, mahali pa kupatia riziki. Wanakijiji ambao kwao kuchukua jiwe la ukuta ulioanguka lilikuwa jambo la kawaida walipata sababu ya kulirudisha jiwe hilo mahali pake.

Tatizo ni kile kipindi fulani. Kuondolewa katika orodha ya hatari ni ushindi, lakini fedha hufuata hatari, na hatari ikipungua fedha huhamia kwingine. Fundi aliyefundishwa mwaka 2012 na ambaye hapati ukuta wa kutomea mwaka 2016 atajenga nyumba za saruji, kwa kuwa watoto wake wanakula kila siku. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, kipimo cha mafunzo si idadi ya waliohudhuria. Ni idadi ya waliofundisha wengine, na hilo haliwezekani bila kazi ya kila mwaka, hata iwe ndogo: kung'oa miche kabla haijawa miti, kufunika vichwa vya kuta, kuziba ufa ungali wa upana wa kidole. Kazi hizo ni nafuu kuliko mradi mmoja wa dharura, lakini hazina siku ya uzinduzi, na bajeti zetu hupenda vitu vyenye siku ya uzinduzi.

Hapa ndipo miteremko ya Uru inapokuwa na la kusema. Wachagga wa Uru, kama wenzao wa Kibosho na Moshi ya Kale, kwa karne nyingi wameongoza maji ya mito ya mlimani kwa mifongo. Banio la mfongo lilijengwa kwa mawe, magogo, migomba na udongo; mafuriko yalilivunja, na watumiaji walilijenga tena. Mzee wa mfongo aliita watu, kila kaya ilitoa mtu, na aliyekosa bila sababu alitozwa. Kijana hakupelekwa kozi ya kujenga banio. Alijua kwa sababu lilivunjika kila mwaka naye alikuwepo kila mwaka. Huo ni mfumo wa mafunzo ya vitendo uliofungamanishwa na matunzo, usio na mfadhili, wenye adhabu kwa mzembe na faida iliyo wazi: asiyefanya kazi anakosa maji ya kihamba. Hausafirishiki moja kwa moja hadi Kilwa, kwani gofu halimwagilii migomba ya mtu. Unaonesha tu kwamba kazi ya kujirudia, mamlaka ya kienyeji inayotambuliwa na manufaa yanayogusa kaya vikikaa pamoja, ujuzi hurithishwa bila cheti.

Mlimani penyewe kuna mawe yanayosubiri uangalizi. Kibosho, jirani wa Uru upande wa magharibi, ilikuwa na boma la mawe la Mangi Sina, mojawapo ya ngome kubwa za Uchaggani za karne ya 19, lililoshambuliwa na kutekwa na majeshi ya Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann mwaka 1891, wakisaidiwa na wapiganaji wa Mangi Rindi wa Moshi. Historia ya Kilimanjaro huwataja sana watawala na vita vyao, lakini waashi hawatajwi. Jiwe la huku ni la volkano, halina matumbawe ya kuchomea chokaa, na mafundisho ya Kilwa yakiletwa yalivyo yatakuwa kosa la aina ile ile ya saruji: dawa ya ukuta mmoja kupakwa ukuta mwingine. Mfano wa karibu zaidi ni Engaruka, chini ya kingo za Bonde la Ufa, ambako matuta na mifereji ya wakulima wa kale, iliyoachwa takriban karne ya 18, yalipangwa kwa mawe bila kiunganishi. Hans Reck aliandika habari zake mwaka 1913, Louis Leakey akafika mwaka 1935, na Hamo Sassoon akachimba katika miaka ya 1960. Ukuta wa mawe makavu hauugui unyevu kama ukuta wa chokaa. Huugua kwato za ng'ombe, mmomonyoko, na mkono wa mtu anayehitaji jiwe la msingi wa nyumba yake. Fundi wake hana haja ya mwiko. Anahitaji kujua jinsi jiwe linavyokalia mawe mawili chini yake, ujuzi ambao wazee waliowahi kujenga mabanio wanao hadi leo.

Wazee hao hawajawahi kuitwa wahifadhi, na hakuna anayewahesabu katika rasilimali watu ya sekta ya urithi. Wakati huo huo, kilomita chache kutoka kwao, chuo cha Mweka kimekuwa kikifundisha kwa vitendo kwa zaidi ya miaka 60: mwanafunzi huenda porini, hukaa huko, na hupimwa kwa alichokifanya. Kama waajiri wa wahitimu hao sasa ni walinzi wa misikiti ya karne ya 14, mtaala una sababu ya kuongeza majuma kadhaa ya ukuta, na walimu wa majuma hayo wanaweza kutoka sehemu mbili: Kilwa Kisiwani, walipo mafundi wa chokaa waliofundishwa kazini, na Uru kwenyewe, walipo wajenzi wa mabanio. Somo lifundishwe kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha pekee ambayo mzee wa mfongo, fundi wa Kilwa na ofisa wa TAWA wote watatu wanaizungumza wakiwa kazini.